Mkoba wa kukunja wa spana: unaufaa uwanja wa mchanga?

Mambo vipi wadau! Mafundi wenzangu, na nyie mnaojitengenezea magari yenu nyuma ya nyumba, karibuni. Leo tunao huu mkoba wa turubai wa kupangia spana. Wengi mmeniuliza kama unalishinda boksi la bati. Kwa sisi wa gereji za uwanja wa mchanga, unalishinda. Ila una kasoro zake, nitazisema.

Nautandika hapa pembeni ya tairi. Mifuko inaanza mdogo inaishia mkubwa, nimeweka spana za milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Kwa hizi Toyota zetu, IST, Noah na Probox, ndizo utakazoshinda nazo. Dogo, sogeza kamera. Mnauona mfuko mtupu? Ni wa 10. Spana yenyewe iko kwenye betri, nilikuwa nalegeza terminali, vile vichwa viwili vya kufungia waya. Hapo ndipo hela yako inaporudi: kabla hujashusha boneti, tupa jicho kwenye mkoba, ujue kipi kimebaki kwenye injini. Ile 10 ikisahaulika juu ya betri ikagusa vichwa vyote viwili, ni cheche, na huenda moto. Kwenye boksi vyote vinalaliana, hata iliyomo huioni.

Haya, kasoro. Turubai lenyewe zito, sina neno. Mshono ndio umeniudhi. Tazama mfuko wa 19, uzi umeshaanza kuachia. Mkiwa dukani geuzeni nyuma, mtafute ulioshonwa mara mbili. Halafu hauna ulimi wa kufunika juu, kwa hiyo ukiubeba kichwa chini, spana ndogo zinamwagika. Na unakunywa oili balaa! Usipofuta spana kwa tambara kabla ya kuirudisha, vumbi lote la uwanja linahamia humu. Soketi, zile za kikombe za kuvika nati, msizilazimishe humu, ziacheni kwenye kasha lake.

Nati na bolti zinataka hili bakuli la sumaku, linauzwa kando. Ukiwa chini ya gari unalibandika kwenye chasisi, linakaa. Bolti ya kumwagia oili hii hapa, imenata. Sasa ile washa yake, kipete cha aluminiamu... inateleza tu. Sumaku haishiki aluminiamu wala shaba, na klipu za plastiki za dashibodi ndiyo kabisa. Hizo tieni kwenye kopo, mfunike.

Bosi mwenye sakafu ya saruji, wewe nunua toroli la droo, mkoba utakuinamisha mgongo bure. Kwenye mchanga ndiyo toroli halisukumiki.

Bei msiikubali ile ya kwanza, maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, mnayajua. Na chukueni huu wa mifuko 12. Ule mkubwa ukishajaa chuma, kuunyanyua tu unataka msaidizi.