Kupuliziwa dawa mikaratusi hapa Tabora, natoa nyota 2

Bado nina hasira kidogo ila ntajitahidi kuwa mkweli. Mikaratusi yangu ya pembeni ya uzio huku Ng'ambo ilianza kutoa vivimbe kwenye vikonyo na ule mshipa wa katikati ya jani, mwanzo vya kijani afu vinakua pinki, machipukizi yakajikunja yote. Nikaita kijana wa kupulizia. Alikuja saa ileile tuliyoongea, solo (bomba la kupulizia) mgongoni, barakoa kavaa, hapo sina neno. Elfu 30, "bosi wiki moja tu vinadondoka vyenyewe".

Wiki 2 viko palepale. Namuuliza anasema dawa haijakolea niongeze elfu 15 arudie, na mimi mjinga nikatoa. Mara ya tatu nikachukua wembe nikapasua kivimbe kimoja, ndani kuna vyumba vyumba, kila chumba kina kifunza cheupe hakina miguu kimejilaza zake. Sasa dawa inaishia juu ya jani, mwenzio yupo ndani anakula, itamkuta wapi?

Nikabeba tawi mpaka kwa mama mmoja wa kitalu, nikasema mama niuzie dawa kali. Akacheka, "mwanangu hiyo hela kanunulie sukari". Kumbe ni kanyigu kadogo kuliko sisimizi, kametokea Australia, huku Afrika Mashariki kamejulikana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kanachoma mayai ndani ya chipukizi changa, funza anakulia humohumo kama miezi 4 hivi mpaka anageuka kanyigu, afu anatoboa katundu ka duara anasepa. Nikaangalia vizuri, nusu ya vivimbe vyangu vina matundu, yani nilikua nalipia kupulizia nyumba zilizohamwa!

Akaniambia vile ambavyo havijatoboka nikate nichome moto, na nikinunua miche nigeuze majani kwanza. Ile aina ya mikaratusi inaitwa kamaldulensi tuliyojaza mitaani ndo inashambuliwa sana, aina ya grandisi inapona pona. Wakulima wa tumbaku mnaotegemea kuni za kukaushia hii iwahusu. Hakuniuzia kitu, kanipa na mche mmoja bure.

Kijana wa solo: nyota moja ya kuwahi, nyingine ya kuosha ndoo yangu kabla ya kuirudisha. Jirani alimuita kwa ajili ya mchwa na mchwa wakaisha kweli. Ila elfu 15 ya pili naidai.