"Mashine haikosei, braza": miksi ya elfu themanini Mwanza

"Mashine haikosei, braza. Anayekosea ni mpiga ngoma wako." Hilo ndilo jibu nililopewa kwenye studio moja huku Kirumba, jina naliacha, baada ya kulipa elfu themanini wanimiksie wimbo mmoja. Nilikuwa nimeuliza kitu kimoja tu, tena kwa upole: mbona ngoma imekufa?

Nilipeleka treki chache: biti yenye sauti za 808 (mashine ya ngoma ya kampuni ya Roland), gita la besi, gita la solo, mwimbaji, na ngoma ya kweli ya mdundo wa bugobogobo, ule wa Wasukuma. Ngoma ile haikai juu ya mstari. Mkono unachelewa kidogo, na utamu wote uko hapo. Fundi akaikata pigo kwa pigo, akabandika kila pigo kwenye gridi, ile mistari ya kompyuta inayogawa muda sawasawa. Kila pigo! Ukivaa hedifoni unasikia mlio wa ngozi unakatika kabla haujaisha, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Kazi ilitakiwa iende kinyume. Kiki ya mashine, yaani ngoma nzito ya chini, ndiyo inabaki kwenye gridi, haihati (visahani vinavyolia tsi-tsi) na makofi unavirudisha nyuma milisekunde 8 hadi 12, huku unasikiliza, mpaka vikae na ngoma. Halafu unagusa nguvu za haihati. Zangu alizirudisha zote 127, namba ya juu kabisa, ya kwanza mpaka ya mwisho, cherehani tupu. Inayoangukia kwenye pigo iache karibu na 110, za katikati zicheze kati ya 70 na 90, na mbili zinazofuatana zisiwe na namba moja. Na eti mashine haikosei! Waliozitengeneza walijua zikinyooka sana zinachosha: 808 ya Roland ina sehemu ya kukazia baadhi ya mapigo, na mashine nyingine, LM-1 ya Roger Linn, ya mwaka huo huo wa 1980, ina namna ya kuyumbisha mapigo isiende kama saa ya ukutani.

Tukija kwenye kiki ndiyo balaa lenyewe. Wimbo uko kwenye noti ya A, besi inalala hezi 55, yaani mitikisiko 55 kwa sekunde. Sampuli ya kiki, yaani kipande chake kilichorekodiwa, inalia G, hezi 49. Zikilia pamoja zinagombana, sauti inapanda na kushuka mara sita kwa sekunde, na kwenye sabufa inasikika kama daladala bovu linalosubiri abiria Buhongwa. Ile 808 yenyewe inakuruhusu kurefusha mlio wa kiki lakini si kubadili noti yake, kwa hiyo ukichukua sampuli yake lazima uitune mwenyewe. Hapa ilihitaji kupanda nusu toni mbili, basi. Nilipolalamika akaongeza sauti ya kiki kwa desibeli 4. Mboga imezidi chumvi, yeye anaongeza chumvi.

Kisha akabandika kiki ya pili, fupi, ili ipatikane ile sauti ya kidoko mwanzoni. Wazo zuri, nakiri. Ila sampuli ilianza na kimya cha kama milisekunde 9, nayo ina besi yake. Wimbi la hezi 55 linamaliza mzunguko kwa milisekunde 18, kwa hiyo kiki moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na tumbo la wimbo linapotea. Kata kile kimya. Geuza polariti ya moja, yaani wimbi lake lisimame kichwa chini, sikiliza, na upande unaojaa zaidi ndio unaobaki. Au iondolee ile fupi sauti zote za chini ya hezi 150, iache kidoko peke yake.

Niliucheza kwa spika ya simu ndani ya kivuko cha Kamanga: kiki hakuna. Hapo hata ingekuwa imetuniwa, spika ya simu haifiki hezi 55. Ndiyo maana kiki inatiwa mkwaruzo kidogo, zitokee hezi 110, 165 na 220, sikio lijazie lenyewe zile za chini.

Haki yake nimpe lakini. Makofi aliyatendea haki kabisa: riverbu (mwangwi wa chumba) fupi ya nusu sekunde, inaanza milisekunde 20 baada ya kofi, imechujwa chini ya hezi 300, na ngoma nayo ameionjesha riverbu hiyo hiyo. Makofi ya mashine yanasikika yako uwanja mmoja na ngoma. Besi nayo inainama desibeli 3 kila kiki inapopiga, inainuka ndani ya milisekunde 120, na kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika pigo linalofuata liko mbali bado, milisekunde 600. Huyu kijana kazi anaijua! Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu.

Halafu nikakumbuka "anayekosea ni mpiga ngoma wako", na jinsi alivyolisema bila kutoa macho kwenye kompyuta. Mzee wa watu amekaa na ngoma ile siku nzima. Nyota moja. Haya, mbili, kwa ajili ya makofi.

Nimeomba treki ya ngoma kabla haijakatwa. Niliambiwa nirudi wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo sasa ni ya tatu.