Saidi mira iliyovunjika Kisumu: ubadilishe kioo tu au uinunue nzima?

Kwa gari kama Toyota Fielder ya NZE121, toleo la kati ya 2000 na 2006, mafundi wa Kisumu wanakupa njia tatu: kubandika kioo kipya kwenye gamba lilelile, kufunga saidi mira mpya ya China, au kufunga iliyotumika kutoka Japani. Jua kali ya Kibuye na Kondele ina mikono mizuri, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba fundi atakufanyia ulichoitisha, hata kama sicho kilichoharibika.

Kabla ya kuuliza bei, ishike saidi mira uikunje na kuikunjua. Ikikaa mahali pake kwa mlio wa "tak", shingo, yaani kiungo inapojikunjia, ni nzima na kilichokufa ni kioo tu. Ikibaki legelege, meno ya shingo yamelika au springi imeruka, na kwenye barabara kuu upepo utaikunja wenyewe. Na kama shingo imepasuka, usikubali epoksi. Itashika gari likiwa limeegeshwa. Panda nalo kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa, matuta yataiachisha.

Kioo peke yake ndiyo kazi ya bei nafuu zaidi, na ikifanywa vizuri inatosha kabisa. Ila tazama kinakatwa kutoka wapi. Fundi akivuta kipande cha kioo cha kujitazama nyumbani, mkatize hapo hapo. Kioo cha gari la Japani huwa kimebinuka kidogo ili kikuonyeshe upana zaidi, lakini cha nyumbani ni bapa, na upande wa abiria kioo bapa kinaweza kukuficha bodaboda na abiria wake wawili. Kupima ni rahisi: simamisha rula kwa ukingo wake juu ya kioo. Ikiyumba, kimebinuka, ikilala yote, ni bapa. Unene nao una maana. Cha gari ni milimita 2 hivi, cha nyumbani mara nyingi 3 hadi 4, na uzito huo wa ziada hukitetemesha na kuilemea mota inayokisogeza.

Halafu gundi, ambayo wateja wengi hawaiulizii. Silikoni inayonuka siki ina asidi inayokula ile rangi ya fedha mgongoni mwa kioo. Baada ya muda madoa meusi huanza kutambaa kutoka pembeni. Dai ile isiyo na asidi. Gundi ya zamani ikwanguliwe yote kwenye bamba la plastiki, la sivyo kioo kitakaa upande. Kifungwe kwa selotepu mpaka kesho yake. Anayekuruhusu uondoke baada ya dakika kumi anataka nafasi ya gari lingine tu.

Shingo ikiwa imekufa, chukua iliyotumika kutoka Japani. Ile ya China inang'aa dukani, lakini nyingi zina springi laini na gamba jepesi, na mwendoni kioo kinacheza mpaka taa za gari la nyuma zinageuka ukungu. Nenda na saidi mira ya zamani mkononi, ulinganishe plagi. Kwenye Toyota nyingi za Japani, pini 3 ni za kusogeza kioo tu, 5 ni za ile inayojikunja, 7 kwa kawaida ina indiketa pia. Rangi isikusumbue, gamba linaweza kupakwa.

Kufunga ni kazi fupi. Pembetatu ya plastiki ndani ya mlango hung'olewa kwa bisibisi bapa iliyoviringishwa kitambaa, plagi inachomolewa, kisha nati tatu za spana namba 10, huku mtu wa pili akiishikilia saidi mira kwa nje. Tundu la mlango lizibwe kwa kitambaa kwanza. Nati ikitumbukia humo, mtaanza kung'oa ubao mzima wa mlango.

Utaulizwa kama unataka riveti za kuzuia wezi. Kataa za kupigilia kioo kwenye gamba: mota haitaweza kukisogeza, na kila ukibonyeza swichi gia zake za plastiki zitakwaruzana mpaka ziishe. Kuchora nambari ya gari kwenye kioo kunatosha. Kabla ya kulipa, washa swichi usogeze kioo juu, chini, kushoto na kulia, kisha uikunje saidi mira na kuikunjua mara kadhaa.