Deki ipi ununue Dar kama DVD zako zinatoka nje

Shemeji kakutumia DVD kutoka Marekani, umeiweka kwenye deki, na TV inakuandikia kwamba ukanda si sahihi. Hakuna kilichoharibika. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda (maeneo) zenye namba, na deki ya ukanda mmoja hukataa DVD za mwingine: Marekani na Kanada 1, Ulaya, Japani na Afrika Kusini 2, sisi Tanzania tuko 5 pamoja na India na Urusi. Geuza kava, namba imo ndani ya kialama cha dunia.

Chaguo langu la kwanza ni deki ya Kichina ya bei ya chini, zile zilizojaa Kariakoo. Nyingi hazibagui kanda. Wenye majina makubwa ndio wakaidi. Ila usiamini kibandiko cha "ALL" kwenye boksi. Nenda na DVD yako mwenyewe, muuzaji aichezeshe pale pale dukani, na usitoe hela mpaka uone rangi. DVD za Marekani ni za mfumo wa picha wa NTSC, wetu ni PAL, na deki isiyogeuza mfumo inaweza kukupa picha nyeusi na nyeupe au inayopanda na kushuka, hasa kama nyumbani bado una TV ya chogo.

Kabla ya hapo, jaribu deki uliyo nayo. Modeli nyingi zina menyu iliyofichwa ya kubadilisha ukanda, inafunguka kwa namba za rimoti, bure kabisa. Ukiiweka 0, yaani kanda zote, na DVD fulani ya Marekani bado ikagoma, iweke 1: zipo zilizotengenezwa makusudi kuzikataa deki za 0.

Laptop yenye VLC, programu ya kuchezea video, naiweka ya tatu. Mara nyingi haijali ukanda. Kompyuta ikikuomba ubadilishe ukanda wa draivu, tulia kwanza: unaruhusiwa mara 5 tu, kisha inajifunga hapo hapo.

Ya mwisho ni deki ya mtumba kutoka Marekani au Japani. Umeme wao ni volti 120 na 100, wetu 230. Kama nyuma haijaandikwa 100–240V, ongeza bei ya transfoma, la sivyo utanuka moshi siku ya kwanza. Na DVD zako za ukanda 5 huenda ikazikataa.

Blu-ray ina herufi zake: Marekani A, Ulaya na Afrika B, India C. Diski za 4K hazina kufuli la ukanda.