Nilikwenda Roma nikitaka kunena kwa lugha: uzoefu wangu wa Yubilei ya Karismatiki, 2017

Kila likitangazwa kusanyiko la kimataifa la Karismatiki, yaani Wakatoliki wanaotilia mkazo karama (vipawa) za Roho Mtakatifu, vijana wawili watatu hunifuata. "Kaka, wewe uliwahi kwenda. Kweli inafaa, au ni kumaliza hela tu?" Nimechoka kuwajibu vipande vipande, kwa hiyo naandika mara moja. Ninayoyajua ni ya Yubilei ya Dhahabu ya Uamsho wa Karismatiki Katoliki, iliyofanyika Roma kuanzia Mei 31 hadi Juni 4, 2017. Nilikuwa na miaka 22 na sijawahi kupanda ndege.

Niseme kwanza nilichokifuata, maana ndicho kilichoniharibia siku za mwanzo. Nilishapita Semina ya Maisha katika Roho, yaani mafundisho ya kuingia Karismatiki, nikawekewa mikono, wenzangu kulia na kushoto wakaanza kunena kwa lugha, yaani kusali kwa maneno wasiyoyajua wenyewe, mimi nikabaki nimesimama kama mlingoti. Tangu hapo, kila siku ya kikundi cha sala, mama mlezi wetu alikuwa ananivuta pembeni.

"Mwanangu, vipi, umefunguka?"

"Bado, mama."

"Basi, saa yako ipo."

Hakuwa na ubaya wowote. Ila ukiulizwa hivyo miaka miwili mfululizo unaanza kujiona kama kufuli lililopotelewa na ufunguo. Nikajiambia dawa yangu iko Roma. Umati wote ule, Papa yupo, mkesha wa Pentekoste, Roho Mtakatifu atanirukaje?

Safari yenyewe sitaichambua sana. Visa ya Schengen inataka bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na wengi wetu hilo tulilijua dakika za mwisho. Aliyetutafutia malazi, ambaye simtaji, alituahidi nyumba "karibu kabisa na Vatikani". Karibu yake ilikuwa mabasi mawili na treni, mwendo wa saa 1 na nusu ukibahatika. Tulikosa mafundisho ya asubuhi mara mbili, tukafika watu wanatoka. Ukiambiwa "karibu", omba jina la kituo cha treni, kisha ukaangalie mwenyewe kwenye ramani.

Siku ya Ijumaa nilikwenda kuungama katika Basilika ya Bikira Maria Mkuu. Pale viti vya kitubio vina vibao vya lugha ambazo padre anazijua, unachagua foleni yako kama uko benki. Nikajipanga kwenye Kiingereza. Padre alikuwa mzee, mtawa wa shirika la Wadominiko, ananisikiliza amefumba macho. Baada ya dhambi zangu nikamwongezea na lile la lugha, kana kwamba nalo ni dhambi. Akafumbua macho. Akauliza kama nina Biblia. Malipizi yangu yakawa kusoma 1 Wakorintho sura ya 12 yote, polepole, kabla ya kulala. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, ila sikuwahi kuupa uzito ule mstari wa karibu na mwisho ambapo Paulo anauliza kama wote wananena kwa lugha, kwa namna ambayo jibu lake ni hapana. Ningependa kusema nililala nimetulia. Nililala nimeudhika. Nilitaka kuombewa, nikapewa kazi ya nyumbani.

Sasa tuje kwenye mkesha wenyewe, Jumamosi Juni 3, kwenye uwanja wa Circo Massimo. Huo ni uwanja wa kale wa mashindano ya magari ya farasi, una urefu wa karibu mita 600, na kilima cha Palatino kiko upande mmoja na magofu yake ya majumba ya kifalme. Leo ni bonde la nyasi na vumbi tu. Unashuka treni ya mstari wa B, kituo kina jina hilohilo, halafu unafuata bendera. Tuliingia mapema mchana tupate nafasi nzuri. Kivuli hakuna. Jua la Juni la Roma si la mchezo, na mimi niliyejiona mtoto wa jua nilikuwa wa kwanza katika kikundi kuumwa kichwa. Kilichotuokoa ni vile vibomba vya chuma vya mitaani ambavyo Waroma wanaviita nasoni, yaani pua kubwa. Maji yake ni baridi, ni salama, na ni bure. Beba chupa tupu na kofia. Kingine chochote unaweza kuazima.

Watu walitoka nchi zaidi ya 100. Nimeimba kwaya tangu utotoni, lakini kuimba katika Roho kwa umati kama ule sikuwahi kukusikia. Hakuna nota, hakuna wa kuongoza. Mmoja anashika sauti, jirani anaingia juu yake, inapanda inapanda, mahali fulani inafika kileleni bila mtu kuinua mkono, kisha inashuka yenyewe hadi unasikia bendera zinavyopigwa na upepo. Nywele zilinisimama. Nikafumba macho, nikafungua mdomo, nikasubiri.

Hamna kitu.

Hapo ndipo nilipohisi mkono begani. Pembeni yangu alikuwa bibi mfupi mwenye kofia ya majani, uso umekunjamana kwa tabasamu, anaomba kwa lugha ambayo sijawahi kuisikia, haraka haraka, sauti ya chini. Moyo ukaanza kudunda. Nikajua ndiyo hii, Mungu amenitumia mtu wa kunena juu yangu, sasa na mimi nitafunguka. Nikapiga magoti kabisa kwenye vumbi. Bibi akaendelea, mkono umehamia kichwani. Ila nilivyotega sikio nikasikia "Maria". Baada ya muda, tena "Maria". Kwa mpangilio, kama saa. Nikafumbua jicho moja, nikaona rozari imezungushwa kwenye kiganja chake.

Walikuwa Wakorea. Mjukuu wake alijua Kiingereza, nikamuuliza kwa aibu, nikamweleza kwamba nilidhani bibi ananena kwa lugha. Yule dada alicheka, akamtafsiria, bibi akacheka zaidi huku ananipiga vikofi mkononi, akajibu maneno marefu. "Anasema hiyo ni Salamu Maria," mjukuu akanieleza. "Amekuombea fungu zima la rozari kwa sababu ulikuwa unaonekana kama mtu anayeumwa tumbo."

Nimehudhuria maombezi mengi kabla na baada ya pale, na hayo ndiyo nayakumbuka kuliko yote. Sijui niwaeleze vipi. Jioni ile niliacha kujisikiliza. Papa Fransisko alipofika nilikuwa nimekaa chini na wale Wakorea, tunagawana biskuti, na kwa mara ya kwanza tangu nitue Roma nilikuwa nasikia kinachosemwa badala ya kupima kama kuna kinachonitokea.

Na yaliyosemwa yalikuwa mazito. Papa alizungumza Kiitaliano, rafiki yangu aliyesoma kwa masista wa Kiitaliano akawa ananinong'oneza. Alisema Karismatiki ni mkondo wa neema, haina mwanzilishi, haina katiba, haina vyombo vya utawala. Akasema haikuzaliwa ya Wakatoliki peke yao, ilizaliwa ya kiekumene, yaani ya Wakristo wa madhehebu mbalimbali, na kweli jukwaani walikuwepo wachungaji wa Kipentekoste. Akakumbusha kwamba mahali pale wapo Wakristo waliouawa kwa ajili ya kuwaburudisha watazamaji. Nilitazama vumbi lililokuwa magotini mwangu, sikulipangusa tena. Akataja mambo matatu ambayo hayatenganishwi: ubatizo katika Roho Mtakatifu, sifa, na kumhudumia binadamu. Kwenye vikundi vyetu ukweli tunayajua mawili ya kwanza.

Huyohuyo Fransisko, kwa wasiojua, zamani hakuwapenda wana-Karismatiki. Alikiri mwenyewe kwamba miaka ya mwanzo alikuwa anawaona kama shule ya samba. Mimi ambaye parokiani tunaitwa "walokole wa Kikatoliki" na wazee wa kanisa, hilo lilinipa faraja isiyo ya kiroho hata kidogo.

Kitu kimoja kilinisumbua, na bado kinanisumbua. Mkondo huu ulianzishwa na vijana. Februari 1967, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duquesne cha Pittsburgh, Marekani, walikwenda mafungo ya mwisho wa juma. Waliombwa wasome sura 4 za kwanza za Matendo ya Mitume, na kule baadhi yao wakajikuta wamelala kifudifudi kwenye kikanisa mbele ya Sakramenti Takatifu. Walikuwa umri wangu. Lakini mimi nilipogeuza shingo pale Circo Massimo niliona vichwa vyeupe vingi kuliko vyeusi. Kijana ukienda peke yako unaweza kujihisi umealikwa kwenye yubilei ya wazazi wako. Nenda na wenzako, hata wawili.

Lugha nayo ni mlima. Kama hujui Kiingereza, Kiitaliano, Kihispania au Kifaransa, mafundisho mengi yatakupita, na kutafsiriwa sikioni kwa muda wa saa 3 kunamchosha hata rafiki wa kweli. Tulipotoka usiku, mabaa yote njiani yalikuwa yamejaa watu wanaangalia fainali ya Ligi ya Mabingwa, Juventus na Real Madrid. Sisi tunapita na bendera na ngoma, wao wanatukodolea macho. Juventus walilala 4-1, na nakiri kwamba mtu mmoja katika kikundi chetu aliacha tenzi katikati ili kuuliza matokeo. Simtaji. Ni mimi.

Jumapili ya Pentekoste, Misa katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Baada ya ngoma za jana, utulivu ule ulinishangaza. Mahubiri yalikuwa juu ya vishawishi viwili, kutaka utofauti bila umoja na kutaka umoja bila utofauti, na nadhani kila kikundi pale kilijua ni kipi kinakigusa. Nilimtafuta bibi yangu wa Kikorea kwa macho Misa nzima. Sikumwona tena.

Siku hizi mikusanyiko ya namna hii inaratibiwa na CHARIS, huduma ya kimataifa iliyoanza kazi Pentekoste ya 2019. Ndiyo, ina katiba, ila ni katiba ya huduma, mkondo wenyewe umebaki kama ulivyo. Kwa hiyo ukisikia tangazo, hakikisha kwanza limetoka kwao au kwa waratibu wa Karismatiki wa nchi yako wanaotambuliwa na maaskofu, ndipo utoe senti. Je, inafaa? Kama unakwenda kukutana na Kanisa likiwa na sura zake zote kwa wakati mmoja, jichange hata miaka miwili uende. Kama unakwenda kuchukua karama fulani kama mzigo wa dukani, baki kwanza, usome ile sura ya 12.

Mimi hadi leo sijanena kwa lugha. Niliporudi, mama mlezi alikuja kunipokea nyumbani, hata begi sijafungua.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, mama. Karibu."

Akakaa, akaniangalia, nikajua swali linakuja. Nikamuwahi, nikamsimulia ya bibi, rozari na tumbo. Alicheka hadi akavua miwani na kujifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nikasubiri aniulize lile lake.

"Haya," akasema, "na Papa je? Ulimwona kwa karibu?"

"Kwenye skrini, mama."