Uzoefu wangu wa kuvunja mkataba wa simu wa miezi 24 nikiwa nimefikisha miezi 10

Wengi wetu hapa mjini tunaishi kwa vocha na bando; laini ikikuudhi unaichomoa na kuweka nyingine, wala humwandikii mtu barua. Mimi niliingia mkataba wa malipo baada ya matumizi kwa hiari yangu, katika duka la mtandao mmoja ambao sitautaja, kwa sababu nilihitaji simu nzuri ya kazi na sikuwa na fedha taslimu za kuinunua Kariakoo. Masharti yalikuwa shilingi 85,000 kwa mwezi kwa miezi 24, kodi ikiwa ndani yake, nami nikaondoka na simu mpya pamoja na kifurushi cha dakika na intaneti.

Kwa miezi tisa sikuwa na la kulalamikia. Nilikuwa nikiishi Mikocheni na kufanya kazi Posta, na kote huko mtandao ulishika vizuri. Mwezi wa kumi tulihamia Kibada, Kigamboni, kwenye nyumba iliyo bondeni kidogo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ndani ya nyumba simu haikushika kabisa, na nilipotaka kuzungumza na mteja ilinibidi nitoke hadi chini ya mwembe wa jirani, mpaka wateja wangu wakazoea kusikia kuku nyuma ya sauti yangu. Laini ya mke wangu, ya mtandao mwingine, ilishika hata jikoni.

Nilipopiga huduma kwa wateja niliambiwa kwa ufupi kwamba mkataba hauvunjwi. Sikuridhika, nikaenda tawini, ambako kijana wa dirishani alinipokea kwa adabu, akabonyeza kompyuta yake na kunichapia karatasi yenye mstari mmoja tu: shilingi 1,190,000. Nilimuuliza zimepatikanaje. Akanijibu, “Kaka, mfumo unasoma hivyo.”

Usiku ule niliusoma mkataba wangu kwa mara ya kwanza, na nakiri kwamba nilipaswa kuusoma kabla ya kutia sahihi. Ulisema mteja anaweza kuusitisha kwa notisi ya maandishi ya siku 30 na kulipa “gharama zilizosalia”, bila kueleza gharama hizo ni zipi. Kilichonisaidia ni ankara yangu ya kwanza kabisa, ambayo ilikuwa imetenganisha malipo katika mafungu mawili: 45,000 za simu na 40,000 za huduma. Ankara zilizofuata zilionyesha jumla peke yake, kwa hiyo kama ningekuwa nimeitupa ile ya kwanza nisingekuwa na hoja. Yeyote anayetaka kuingia mkataba wa aina hii aombe mgawanyo huo kwa maandishi siku ileile anayotia sahihi.

Hesabu ikawa wazi. Miezi 14 iliyobaki ya simu ni shilingi 630,000, na hilo ni deni langu halali, kwa kuwa simu ninayo mkononi. Zilizobaki, 560,000, zilikuwa za dakika na intaneti ambazo nisingezitumia kamwe, na ndani yake mlikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya huduma ambayo isingetolewa. Niliandika barua nikitenganisha mafungu hayo, nikataja kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinachosema kwamba hata pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, anayestahili kulipwa hupata fidia ya kadiri inayofaa, isiyozidi kiasi hicho. Nilipeleka nakala mbili na kusisitiza moja igongwe muhuri wa kupokelewa, jambo lililochukua muda mrefu kuliko kuandika barua yenyewe, maana muhuri ulikuwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa ametoka kwenda kula.

Wiki tatu zilipita kimya. Niliandika tena mistari miwili, kwamba nimeanza kwao kama utaratibu wa malalamiko unavyotaka, na kwamba nisipojibiwa nitapeleka nakala zangu Mamlaka ya Mawasiliano, inayosimamia kampuni za simu, pale Barabara ya Sam Nujoma. Meneja wa tawi alinipigia kesho yake (chini ya mwembe, bahati nzuri). Tulikubaliana nilipe 630,000 za simu na 40,000 za huduma ya mwezi wa notisi, jumla 670,000. Si fedha ndogo, na ilinibidi niguse akiba ya paa la jiko, lakini niliona ni haki.

Namba yangu niliihamisha, kwani huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba ipo nchini tangu Machi 2017 na wateja wangu wote wananijua kwa namba hiyo. Kwanza nilitoa fedha zote zilizokuwa kwenye akaunti yangu ya simu, kwa kuwa salio hilo halihami pamoja na namba. Ombi la kwanza lilikataliwa kwa maelezo kwamba deni bado linasoma, ingawa risiti nilikuwa nayo mfukoni. La pili lilipita baada ya kupata barua ya kutodaiwa. Kufuli waliloiwekea simu lilichukua siku nne zaidi kuondolewa, na kila asubuhi nilisalimiwa na tangazo la kunikumbusha kulipa.

Wahudumu wa tawi nawapa nne kati ya tano kwa uungwana wao, na huduma kwa wateja ya kupiga simu naipa moja. Mwezi uliofuata nililetewa ankara ya shilingi 85,000. Nilirudi na barua yangu. Kijana yuleyule akaisoma, akaangalia kompyuta yake, akaniambia nisiwe na wasiwasi, mfumo utasoma tu. Ankara nyingine haijaja.