Nilipeleka jiwe kupimwa, likarudi na mkwaruzo

Hili jambo nimekaa nalo rohoni kitambo, leo acha niliseme tu. Kuna mtu nilikuwa namdai, hela ikamshinda akanipa jiwe, jekundu, limeshakatwa na kung'arishwa ila halijawahi kuwekwa kwenye pete. Akasema rubi hiyo. Sawa, mimi mawe siyajui, nikalipeleka kwa fundi mmoja wa vito niliyesifiwa kwamba anapima bure.

Jamani. Hata kiti sikuonyeshwa. Kalidaka na vidole vyake vya mafuta, akaligusisha ile kalamu ya kupimia almasi, haikulia, akaniangalia kama mimi ndo tapeli. Sasa ile kalamu inapima tu jiwe linavyopitisha joto, inakwambia hii almasi au siyo, basi. Kuna aliyemwambia nina almasi? Sijamaliza kuuliza kashavuta kijiti kingine chenye ncha ngumu akalichora USONI, pale bapa juu ambapo jicho linaangukia kwanza, krwaa! "Umeona? Limechorika. Dada, hiki kioo." Halafu palepale, bila aibu, eti anaweza kunisaidia kulichukua, na bei akataja, na namba yangu ya simu akaiandika. Kioo gani hicho unakihangaikia hivyo wewe?

Baadaye nikaenda kwa mama mmoja mwenye vifaa vyake, huyu nililipa. Alilifuta kwanza, akalishika kwa kibano. Kwenye refraktomita, kile kifaa kinachopima jiwe linavyopinda mwanga, likasoma 1.718, kipimo kimoja tu, wakati rubi ingesoma kama 1.76 hadi 1.77 na ingetoa vipimo viwili, maana mwanga ukiingia kwenye rubi unagawanyika. Akasema hii ni spineli, kito kingine kabisa kinachofanana na rubi kwa macho. Zile za kutengenezwa kwa moto maabara mara nyingi husoma kama 1.728, lakini hakuishia hapo, akaniitia kwenye hadubini nione ndani, kuna vichembe vidogo vya nyuso nane vimejipanga kama alama ya kidole, akasema hiyo ni ya asili. Kusema kweli humo ndani ni pazuri, hasira zilinitoka kama dakika mbili hivi.

Akanifariji kwamba lile jiwe jekundu kubwa la mbele kwenye taji la kifalme la Uingereza, waliloliita rubi miaka na miaka, nalo ni spineli. Asante mama, ila mimi sina taji, nina hela yangu imekwama.

Na yeye pia aliniudhi kidogo, nilitegemea karatasi yake iwe na bei, haina. Eti kulitambua jiwe ni kazi moja na kulithamini ni kazi nyingine, kuna rangi, usafi wa ndani, ukataji, uzito, na mnunuzi mwenyewe anataka nini. Nikanuna. Kumbe hapo ndo uchungu wenyewe ulikuwa unakuja: lina kareti 2.03, kareti ndo kipimo cha uzito wa vito. Kuondoa ule mkwaruzo lazima lisagwe kidogo, na likishuka chini ya 2 siyo uzito tu unaopungua, hata bei ya kila kareti inaporomoka. Kimstari chembamba kama unywele! Spineli ina ugumu wa 8 kwenye kipimo cha 1 hadi 10 ambacho almasi ndo 10, kwa hiyo ile ncha ilikuwa ngumu kuliko jiwe, hata zumaridi ingechorika, nayo angeiita kioo? Mama yule alisema jiwe lililokwisha kung'arishwa halipimwi kwa kukwaruzwa, kabisa.

Nilitaka kumpa fundi nyota mbili, maana hakunichaji, na kwamba siyo rubi hapo alipatia, tuwe wakweli. Labda hata ni kutojua tu, siyo ubaya. Nilikuwa nimeshaandika mbili kabisa. Sasa juzi simu inaita, napokea, ni yeye, sauti laini kama asali: "Dada, kile kioo bado unacho?"

Moja. Na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haibonyezeki.